Kipimo cha Maji Matupu

Nilirudi maabara kufunga bomba. Basi. Sikwenda kutafuta mambo.

Ilikuwa Alhamisi, mwezi wa kumi, mwaka wa tisini na sita, saa kumi na mbili na nusu jioni. Mvua ya Kericho, ile ya kila alasiri, ilikuwa imemaliza kunyesha na ukungu umeshuka juu ya mashamba ya chai mpaka nyumba za wafanyakazi hazionekani. Nilikuwa nimeshavua koti langu jeupe, nimeshafika nusu ya njia ya kwenda nyumbani na mkate kwapani, ndipo nikakumbuka kwamba ule mtambo wa kuchuja maji kwa mvuke nimeuacha bomba wazi. Bwana Otiende, mkemia mkuu wetu, angekuta sakafu imejaa maji asubuhi ningesikia habari yangu. Nikageuka, huku nikijitukana kimoyomoyo.

Nikafungua mlango, nikafunga bomba. Taa sikuwasha, maana chumba kile nilikijua hata nikiwa nimefumba macho.

Nikasikia kidirisha kikigongwa.

Ko. Ko. Ko.

Kidirisha hicho kilikuwa ubavuni mwa jengo, watu walipitishia sampuli hapo ili wasituingilie na matope. Nikasema kwa sauti, "Tumefunga. Rudi kesho saa mbili."

Kisha tena.

Ko. Ko.

Nikafungua kwa hasira. Alikuwa mama wa makamo, kitambaa kichwani, shuka limelowa mabegani. Uso sikuuona vizuri kwa ukungu. Mikononi alikuwa na sotet, kile kibuyu kirefu ambacho Wakipsigis hugandishia maziwa yao ya mursik. Na harufu... Moshi. Si moshi wa jikoni. Ni ile harufu ya nyumba ya nyasi iliyoungua, ikanyeshewa.

"Chamgei," akanong'ona, akinisalimu kwa lugha yao.

"Chamgei, mama. Tumefunga."

"Wewe ndio unapima?"

"Ni mimi."

"Basi hii imerudi." Akasukuma kibuyu mpaka kwenye ukingo wa kidirisha. "Pima vizuri. Na ile maji pia upime."

"Maji gani, mama?"

"Ile hukupima."

Kulikuwa na watu wawili tu duniani ambao wangeelewa maneno hayo, Otiende na mimi, na Otiende hakujua nilichofanya.

"Jumapili wanatoa msichana yangu kwa boma," akasema. "Nataka karatasi."

Nikafunga kidirisha. Ndiyo, nilimfungia mama wa watu usoni. Nikasimama gizani nikisikiliza pumzi yangu, nikihesabu mpaka ishirini. Nilipofungua tena hapakuwa na mtu wala kibuyu. Chini ya kidirisha matope yalikuwa laini, yametulia, hayana alama ya mguu hata mmoja.

Langoni nikamkuta Kipkemoi, askari wetu, akiota jiko. "Umeona mama akipita na sotet?"

"Hakuna mtu amepita hapa, madam. Tangu saa kumi na moja ni wewe tu."

Nikaenda nyumbani. Mkate sikuula.

Ngoja nikueleze kazi yenyewe, maana watu wengi huona koti jeupe tu wakadhani ni raha tupu. Raha ipo, siwezi kudanganya. Wenzangu niliokua nao kule Kisii walikuwa mashambani wakichuma chai, wamejifunga plastiki kiunoni, mvua inawapiga, na mimi niko ndani kukavu nakunywa chai ya rangi karibu na jiko la gesi. Mama yangu alisimama kanisani akatangaza kwamba bintiye Mongina ni daktari wa maji. Wazee walinipa mkono wa kwanza. Na kuna utamu mwingine ambao huwezi kumwelezea mtu akaelewa: asubuhi hujui kilichomo ndani ya chupa, saa sita unajua, kwa sababu karatasi fulani imebadilika rangi mbele ya macho yako. Mimi niliupenda utamu huo mno.

Ubaya nao upo. Asidi ilinitoboa sketi tatu. Pua yangu ilikufa, nikawa sijui mboga ikiungua. Siku nzima unaosha vioo, unapima uzani, unasubiri, unaosha tena, na ukifanya sawasawa hakuna anayekuona. Lakini ubaya mkubwa wa kazi ile ni kwamba watu hukuamini. Zamani mtu akifiwa ghafla alikwenda kwa mganga, na mganga alikuwa na wabishi wake. Sisi hatukuwa na mbishi. Karatasi yetu ikishagongwa muhuri, imekwisha.

Otiende alilijua hilo. Alikuwa mtu wa kuchosha, sifichi, lakini alikuwa na neno moja alilolisema kila siku ya Mungu: "Maji matupu kwanza." Maana yake ni hii. Kabla hujapima kitu cha mtu, unachukua maji safi yasiyo na chochote, unayapitisha kwenye dawa zilezile, chombo kilekile, muda uleule. Maji matupu yakionyesha sumu, basi sumu iko kwenye dawa zako mwenyewe, si kwa huyo mtu. Ni kujikagua kabla ya kumkagua mwingine.

Sasa nisikilize.

Mwezi wa saba mwaka huohuo, Otiende akiwa matangani Siaya, Kipkemoi alikuja na jamaa wa kijijini kwao, huko nyuma ya Merigi. Mtu huyo aliitwa Aron. Alikuwa amemzika bintiye Nelvine, wa miaka sita, siku mbili kabla. Mtoto alishikwa na tumbo jioni, alfajiri hakuwepo. Aron alishika sotet kwa kitambaa, asiiguse. Alisema mtoto alikunywa mursik nyumbani kwa jirani, mjane mmoja anayeitwa Rodah, na huyo Rodah watu walikuwa na maneno juu yake tangu zamani, kwamba jicho lake si zuri, kwamba ng'ombe akisifiwa naye hukauka. Maziwa yaliyobaki alikuwa ameyachukua kwa nguvu.

"Hawa wengine wanataka kwenda kwa mganga," akaniambia. "Mimi ni mtu wa kanisa. Nataka sayansi."

Kazi yetu, maabara ya kampuni ya chai, ilikuwa mbolea, maji na chai yenyewe. Vifo si vyetu, vifo ni vya serikali, na serikali huchukua miezi. Ningemwambia hivyo. Lakini nilimtazama baba yule, na kusema kweli nilisikia vizuri kuombwa namna ile. Nikapokea.

Ilikuwa Ijumaa. Gari la wafanyakazi lilikuwa linaondoka saa kumi na moja, na saa kumi na mbili nilikuwa na mazoezi ya kwaya ambayo mimi ndiye niliyekuwa naongoza sauti ya pili. Kipimo cha arseniki, hiyo sumu iliyokuwa kwenye dawa za zamani za josho la ng'ombe, kinataka chembe za zinki na asidi ndani ya chupa. Inatoka hewa, inapanda, inakutana na kikaratasi mdomoni mwa chupa. Kama sumu ipo, kikaratasi kinageuka manjano, halafu kahawia. Chupa safi ilikuwa moja tu. Kuosha ya pili, kukausha, kusubiri tena... ningekosa gari.

Nikajiambia, maji matupu yatasema nini? Maji ni maji.

Nikapima maziwa peke yake. Kikaratasi kikageuka manjano, hafifu lakini manjano. Nikaandika: Arseniki ipo. Nikagonga muhuri. Maziwa yaliyobaki nikayamwaga kwenye sinki kwa sababu yalikuwa yananuka, na kibuyu Aron akarudi nacho. Kwaya iliimba vizuri sana jioni ile.

Wiki tatu baadaye Otiende akaanza kupima maji ya visima. Maji matupu kwanza, kama kawaida yake. Nilikuwa upande wa pili naosha vioo nikamsikia akiguna. Kikaratasi cha maji matupu kilikuwa manjano. Alirudia mara tatu, kisha akainua chupa ya zinki kwenye mwanga.

"Hii zinki ni chafu. Ilikuja na arseniki yake." Akanitazama. "Mongina, kuna kazi yoyote ilifanywa kwa hii chupa nikiwa sipo?"

Nikasema, "Hapana, Bwana Otiende."

Akaitupa, akaagiza nyingine, akaniamini. Siku nne baada ya hapo Kipkemoi aliomba ruhusa aende kwao kwa sababu kulikuwa na msukosuko, na aliporudi sikumwuliza chochote. Ulikuwa wa nini, wa nani, sikuuliza. Nilikuwa najua wa nani. Ndiyo maana sikuuliza.

Basi hiyo ndiyo aibu yangu, nimeiweka mezani. Turudi mwezi wa kumi, siku ya pili yake, Ijumaa.

Asubuhi nilifika wa kwanza, nikafungua kufuli kwa ufunguo wangu mwenyewe. Juu ya meza yangu, katikati kabisa, palikuwa na sotet.

Otiende akaingia nyuma yangu. "Sampuli ya nani hiyo? Haina lebo."

"Ni yangu. Maziwa ya nyumbani," nikasema, nikaificha kabatini. Kilikuwa baridi kibuyu kile, kizito, na kioevu kilisikika ndani kikicheza.

Saa nne nikamfuata Kipkemoi langoni na kikombe cha chai. Nikamwuliza Rodah anaendeleaje. Akaweka kikombe chini.

"Madam, huna habari? Rodah alikufa mwezi wa nane."

Akanieleza huku akiangalia chini. Aron aliisoma ile karatasi mbele ya watu. Kwa muda wazee waliwatuliza watu. Halafu usiku mmoja vijana wakachoma nyumba. Rodah alitoka, nguo zikiwaka, akakimbia upande wa mto kwenye baridi na mvua. Siku ya tatu walimkuta ameegemea mti, amekaa, macho wazi. Walimzika haraka.

"Na binti yake?"

"Chepkosgei yuko na watoto wawili, kwa nyumba ndogo iliyobaki. Wamempa mpaka Jumapili hii atoke. Wanasema mambo hiyo inarithiwa." Akapunguza sauti. "Kuna wale wanasema mtoto alikunywa maji na debe la dawa ya josho. Aron alikuwa nayo moja kuukuu, ya kukinga maji ya mvua. Lakini siku ya matanga aliitupa mtoni. Sasa nani atasema?"

Alinishukuru kwa chai. Nikachukua kikombe nikarudi ndani.

Siku ile ilipita sijui vipi. Saa kumi na moja wote wakaondoka, nikasema nabaki kumalizia hesabu za mbolea. Nikafunga mlango kwa ndani. Nikafunga kidirisha, nikakaza kitasa. Nikawasha taa zote tatu.

Halafu nikafanya kile nilichopaswa kufanya mwezi wa saba. Chupa mbili, zimeoshwa, zimekauka. Zinki mpya, ile safi, ambayo Otiende aliikagua mwenyewe. Kushoto maji matupu. Kulia mursik ya kile kibuyu, nimeichemsha na asidi kwanza inavyotakiwa. Vikaratasi viwili vyeupe midomoni. Nikamimina asidi. Povu likaanza, sss... sss... nikakaa kwenye stuli nikisubiri dakika arobaini.

Nje ukungu ulikuwa umebana madirisha. Dakika ya kumi, hakuna kitu. Dakika ya ishirini, harufu.

Pua yangu niliyosema imekufa... ikaamka. Moshi. Nyasi zilizoungua. Nywele zilizoungua.

"Usigeuke."

Sauti ilikuwa nyuma yangu. Ndani ya chumba. Karibu sana na sikio langu la kushoto.

Sikugeuka. Nilikazia macho vile vikaratasi.

"Inasema nini?" akanong'ona.

"Bado, mama."

"Ngoja basi. Leo hakuna kwaya."

Machozi yalinitoka pale pale. Si kwa hofu tu, hofu ilikuwepo, lakini ni kwa jinsi alivyolisema hilo neno, bila ubaya, kama mtu anayekumbusha ratiba. Tukasubiri. Niliisikia pumzi yake, ina mkwaruzo, inakwama katikati.

Kikaratasi kimoja kikaanza kubadilika.

Cha kushoto.

Cha maji matupu. Kikawa manjano. Kikawa kahawia. Kikaendelea, nikashika meza, kikaendelea mpaka kikawa cheusi tititi, rangi ambayo sijawahi kuiona kwenye kipimo kile kabla wala baada. Cha kulia, cha maziwa, kilibaki cheupe.

Hilo haliwezekani. Mimi ndiye niliyeyachota maji yale.

"Hiyo nyeusi ni gani?" akauliza.

"Ni maji, mama."

"Maji." Pumzi yake ikakwama, ikaendelea. "Nelvine alikuja kwangu tumbo inamuuma tayari. Alikuwa amekunywa maji kwao. Nikampa maziwa ipoe."

Nikaisogeza chupa ya kushoto mbali na mimi.

"Wewe ulijua?"

"Nilijua kipimo kilikuwa kibaya."

"Mbele ya moto ama nyuma ya moto?"

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa nimemdanganya Otiende bila kupepesa jicho. Lakini huyu...

"Mbele," nikasema. "Siku nne."

"Siku nne," akarudia, taratibu, na sauti yake ikaondoka kidogo sikioni mwangu. "Siku nne ni mingi. Ningekuwa nimehama." Kisha, "Andika."

Nikachukua karatasi ya kampuni, nikaandika kwamba kipimo cha mwezi wa saba kilikuwa na kosa la maabara, kwamba zinki ilikuwa chafu, kwamba matokeo yale yasitumiwe dhidi ya mtu yeyote. Nikaweka sahihi. Nikagonga muhuri. Nilipogeuka, chumba kilikuwa kitupu, kitasa cha kidirisha kimekazwa vilevile, na sotet haikuwepo mezani. Sakafuni nyuma ya stuli palikuwa na maji meusi ya masizi. Nikatafuta tambara nikayapangusa.

Jumapili nikaenda na Kipkemoi. Mwaka ule sisi Wakisii hatukujipeleka huko ovyo, mapigano ya makabila ya tisini na mbili yalikuwa bado midomoni mwa watu, na nilimshika Kipkemoi mkono njia nzima. Nilivaa koti langu jeupe juu ya nguo za kanisa. Sijui kwa nini. Nadhani nilitaka waniamini kwa mara nyingine.

Tulifika saa nane. Watu walikuwa wameshajaa uwanjani, kama arobaini, wametoka kanisani, watulivu. Vitu vya Chepkosgei vilikuwa nje: godoro, sufuria, kuku wawili wamefungwa miguu. Yeye alisimama mlangoni mwa kile kijumba na watoto wake, msichana mrefu mwenye macho makavu. Mahali nyumba ya mamake ilipokuwa palikuwa na duara jeusi, na ile harufu ilikuwepo, miezi miwili baadaye, na mvua yote ile.

Kipkemoi akaeleza mimi ni nani. Nikasoma karatasi. Sauti ilinitoka vizuri, nashangaa mpaka leo. Nilipomaliza nikaishusha karatasi. Mzee mmoja akavua kofia. Mama mmoja akaanza kulia kwa chini chini, na nikaona vijana wawili wakitazama duara lile kisha wakitazama viatu vyao. Nilifikiri, imekwisha, Chepkosgei atakaa.

Chepkosgei akasema, "Madam, ulijua lini?"

"Juzi," nikasema.

Ndiyo. Nilisema juzi. Mbele ya duara lile.

Aron akasogea. Alikuwa amekonda, shingo inapwaya ndani ya kola. Aliichukua karatasi akaisoma mwenyewe polepole, akaikunja. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha.

"Kwa hivyo maziwa ya hii boma haina sumu," akasema.

Nilifungua mdomo. Hapo ndipo unapoijua kazi yangu ilivyo. Kipimo kilichoharibika hakisemi hakuna sumu. Kinasema hujui. Maziwa ya siku ile niliyamwaga kwenye sinki, hayapimiki tena milele. Na kile nilichokiona Ijumaa, kikaratasi cheupe, sampuli iliyoletwa na maiti, hicho ni kipimo gani? Ningemwambia nini Otiende? Ningekiandika wapi?

"Kipimo kilikuwa na kosa," nikasema.

"Nimesikia. Nauliza maziwa."

"Haina," nikasema. "Haina sumu."

"Sawa," Aron akasema. "Kwetu mgeni akifika anapewa mursik. Hapa hakuna mtu amekunywa tangu Nelvine. Wewe ni mtu wa sayansi. Kunywa, na sisi tutakunywa nyuma yako, na huyu msichana atarudisha vitu yake ndani."

Alisema mbele ya wote, na wote wakaitikia kwa vichwa. Lilikuwa jambo la haki kabisa. Chepkosgei akaingia ndani, akatoka na kikombe cha bati kimejaa, maziwa yana ule ukungu wa mkaa wanaotilia kibuyu. Akanipa kwa mikono miwili, akainama kidogo jinsi mwenyeji anavyompa mgeni anayemheshimu.

Nikakishika.

Nikakiinua mpaka karibu na mdomo. Harufu ya maziwa. Chini yake, harufu ya moshi.

Kuku mmoja alijipigapiga chini. Nilimfikiria mtoto wa miaka sita akishika tumbo usiku. Nikajiambia, kunywa, Mongina, kunywa, umeua mama wa huyu msichana kwa uvivu, kunywa hata kama ni sumu. Mkono haukuinuka tena. Niliuamuru ukakataa.

"Tumbo langu si zuri leo," nikasema.

Hakuna aliyecheka. Aron alinirudishia karatasi yangu, ameikunja vizuri, akaniwekea mfukoni mwa koti yeye mwenyewe. Yule mzee akavaa kofia. Wakaanza kuondoka mmoja mmoja, na vijana wawili wakabeba godoro wakalipeleka barabarani, kwa adabu, kama wanaomsaidia mtu kuhama. Kipkemoi alikwenda kusimama mbali na mimi.

Nikabaki na Chepkosgei. Watoto wake walikuwa wakifungua kamba za kuku ili wawabebe.

"Nisamehe," nikamwambia. "Nisamehe, dada."

"Si kitu." Alikuwa akikunja blanketi. "Mama alisema utakuja. Alisema utasoma vizuri." Akaliweka blanketi juu ya sufuria. "Na alisema hutakunywa."

"Alisema lini?"

Aliinua macho akanitazama, akishangaa kidogo kwamba nauliza.

"Jana jioni. Tukikamua."

Kisha akaniletea kigoda, akaniambia nipumzike kabla ya safari. Uwanja ulikuwa mtupu. Hapakuwa na wa kumwonyesha kitu tena ila yeye, na yeye alikuwa amesimama pale, anangoja kikombe chake. Ningeweza kunywa. Tone moja lingetosha, ili aone tu.

Nilikaa na kikombe kile mapajani mpaka jua likazama nyuma ya mahindi, na sikunywa.